Naomba ushauri: mashujaa wangu wa mezani wanaogopa kuruka. Je, nihamie 7th Sea?

Tanga la Pili

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Ninaongoza kundi dogo la michezo ya kuigiza ya mezani hapa Dar es Salaam, mimi na wachezaji wanne, na kila Jumamosi jioni tunakutana sebuleni kwangu. Kwa mwaka mmoja na nusu tumecheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, na sina lawama kubwa juu yake, kwa kuwa ndio mchezo ulionionyesha kwamba watu wazima wenye kazi na familia wanaweza kuketi saa nne mfululizo wakitunga kisa kimoja kwa midomo yao, bila televisheni wala simu.

Ugumu ulianza nilipotaka kuwapeleka kwenye visa ninavyovipenda kuliko vyote: visa vya panga nyembamba na barakoa za dansi, barua zilizoibwa, merikebu zinazofukuzana usiku, na mashujaa wanaorushiana maneno makali huku wakipigana ngazini. Mwezi uliopita niliandaa karamu katika kasri la gavana. Palikuwa na roshani, palikuwa na taa kubwa ya mishumaa iliyoning'inia kwa kamba katikati ya ukumbi, na mwovu wetu alikuwa anapanda ngazi akiwa na hati ya kumnyonga kaka wa mmoja wa mashujaa. Nilitarajia mtu aikate kamba, adandie, avuke ukumbi mzima juu ya vichwa vya wageni. Badala yake, mchezaji ambaye katika maisha ya kawaida ndiye jasiri kuliko sisi sote aliniuliza umbali ni futi ngapi, akapiga hesabu, akaona kwamba dadu moja ikimkataa ataanguka, ataumia na zamu yake itapotea, akaamua kubaki mlangoni na kufyatua mishale. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Pambano lilichukua dakika 50 na hakuna aliyesogea hatua kumi.

Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Sasa nasikia 7th Sea ilitungwa mahususi kwa visa vya namna hii. Naomba wenye uzoefu mnieleze kama kanuni za mchezo zinaweza kweli kumbadilisha mtu mwenye tahadhari, au kama tatizo liko kwangu mimi ninayeongoza. Jambo la pili, mchezaji wangu mmoja ambaye ni mhasibu ameniuliza swali ambalo bado sina jibu lake: ikiwa katika mchezo huo shujaa hashindwi, hofu itatoka wapi?

Dadu Kumi

Dada Tanga, nadhani umeliona tatizo vizuri kuliko unavyojipa sifa. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka mwaka 1974, ilizaliwa kutoka katika michezo ya vita ya vikosi vya sanamu ndogo, na katika vita jemadari mwenye akili hamruhusu askari wake adandie taa. Kiu yako nayo ni ya zamani karibu sawa na mchezo wenyewe, kwani mwaka uliofuata tu, 1975, ilitoka En Garde!, ambayo ilihusu mapambano ya panga na kupanda vyeo katika Paris ya karne ya 17. Watu walitaka kujigamba na kuheshimiwa, si kuokota hazina mashimoni peke yake.

7th Sea ilitoka mwaka 1999 chini ya kampuni ya Alderac Entertainment Group, na John Wick akiwa miongoni mwa watungaji wake. Toleo la pili, ambalo ndilo ninalokushauri, lilitoka mwaka 2016 baada ya wapenzi wa mchezo kuchanga zaidi ya dola milioni 1.3 kupitia Kickstarter, na mwaka 2019 liliingia mikononi mwa kampuni ya Chaosium. Toleo la kwanza bado lilikuwa na namba ya kufikiwa, ukiikosa umeshindwa. La pili liliiondoa kabisa, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza.

Niichukue karamu yako hiyo hiyo. Mchezaji anatangaza kwanza anataka nini na atakipataje: "Nitaikata kamba nivuke mpaka ngazini." Tuseme wepesi wake ni 3 na ukakamavu wa mwili ni 2, hivyo ana dadu tano za pande kumi. Anaongezewa moja kwa kuwa ni mara ya kwanza kutumia ujuzi huo katika tukio hili, na nyingine kwa kuwa amelieleza tendo lake kwa mbwembwe. Dadu saba. Kabla hajazirusha, wewe unamtangazia yaliyomo: mishumaa itamchoma majeraha mawili, taa itamwangukia mtumishi mzee aliyesimama chini yake, na ipo nafasi ya kuinyakua ile hati kutoka mkononi mwa mwovu. Anarusha na kupata 9, 1, 6, 4, 8, 2 na 3. Kila fungu linalofika kumi ni kile ambacho sisi katika kundi letu tunakiita turufu, kwa hiyo 9 na 1, 6 na 4, 8 na 2 zinampa turufu tatu.

Turufu moja inamfikisha ngazini, na kufika huko hakuna tena wa kumnyima. Lakini kuepuka kuungua kabisa kunahitaji turufu mbili, kumwokoa mzee kunahitaji moja, na kuinyakua hati kunahitaji moja. Jumla ni tano, naye anazo tatu. Hapo ndipo utamwona yule mpiga mishale wako anainuka kitini, kwa sababu swali la futi ngapi limeshakufa na lililobaki ni yeye ni mtu wa namna gani.

Na ile dadu ya 3 iliyobaki bila mwenzake, unaweza kuinunua: yeye anapata pointi ya ushujaa ya kujiongezea dadu baadaye, na wewe unapata pointi ya hatari ya kuwaimarisha waovu wako baadaye.

Mwamba wa Nje

Ndugu Dadu Kumi ameeleza vizuri, nami sina nia ya kumpinga kwa kupinga tu, ila dada anastahili kusikia na upande wa walioondoka. Niliongoza 7th Sea toleo la pili kwa miezi minane. Mwezi wa kwanza tulifurahi sana. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nasikia mezani pangu "natoa turufu moja, natoa nyingine," kama wateja wanaolipa dukani, na maelezo yenye mbwembwe yalikuwa yamekauka. Kanuni pia inasema ukitaka kufanya jambo lililo nje ya njia uliyoitangaza mwanzoni, unalipa turufu ya ziada. Wachezaji wangu wakajifunza haraka kutangaza njia zisizo na umbo, kwa mfano "nitapigana kwa akili," ili lolote liingie humo. Mchezo uliokusudiwa kuchochea ubunifu ukawa unatoza kodi juu ya wazo lililokuja katikati ya pambano.

Kuhusu hofu, mhasibu wako ana hoja. Shujaa hafi mpaka aishiwe nguvu kabisa, na hata hapo mwovu lazima atumie pointi ya hatari ili kumuua, na wenzake wanaweza kuzuia. Wachezaji wangu walilijua hilo, na walipigana kama watu wanaolijua hilo.

Ushauri wangu ni ubaki ulipo na uyarekebishe machache. Ondoa ramani yenye miraba, kwa sababu miraba ndiyo inayomwalika mtu kuhesabu futi. Amua kwamba anayeruka na dadu ikamkataa bado anafika, ila anafika na matatizo. Na kila anayetumia kitu kilichomo ukumbini, iwe pazia, meza au taa, mpe papo hapo ile zawadi ya hamasa ambayo toleo la tano tayari linayo, inayomruhusu kurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo bora.

Tanga la Pili

Nawashukuru sana. Kaka Mwamba, la miraba limenigusa, kwa kuwa ni kweli kila ninapoitandika ramani sauti za watu hubadilika na kuwa za mafundi wanaopima kiwanja. Hata hivyo ninaogopa kwamba nikianza kurekebisha, kila Jumamosi nitakuwa natunga sheria mpya, na yule mhasibu atakuwa na haki ya kuuliza sheria ya leo ni ipi.

Bibi wa Hadithi

Mwanangu Tanga, nimecheza michezo hii tangu nilipokuwa masomoni Uingereza na nimeongoza kundi langu mwenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye swali la mhasibu, maana ndilo zito.

Katika visa hivi, tangu zamani, hakuna msomaji wala msikilizaji aliyewahi kuogopa kwamba shujaa ataanguka kutoka kwenye taa. Tunajua atavuka. Kinachotukaza roho ni kwamba atavuka na kumkuta mchumba wake amesimama upande wa adui. 7th Sea imeiweka hofu mahali hapo, lakini haiwezi kuileta yenyewe. Lazima uilete wewe. Ndugu yetu Mwamba, nadhani, na aniwie radhi nikikosea kwa kuwa sikuwapo, alikuwa anawatoza wachezaji wake majeraha, na majeraha katika mchezo huu ni bei rahisi. Mtu mwenye turufu tatu na tishio la majeraha matatu atalipa kama dukani, kwa sababu ni duka kweli. Mwekee mbele ndugu yake, siri yake, jina lake jema.

Nitatoa mfano mmoja. Mchezaji wangu mmoja alikuwa na shujaa mwanamke aliyejificha kwa jina la uongo katika mji mmoja wa Vodacce, nchi ya kubuni inayofanana na miji ya Italia ya zamani. Alibakiwa na turufu moja. Angeweza kumzuia mpelelezi asiivue barakoa yake, au kumzuia mvulana aliyembebea barua asikamatwe. Mezani palikuwa kimya kiasi kwamba nililisikia friji likinguruma jikoni. Aliiacha barakoa ivuliwe. Jeraha hakupata hata moja usiku ule, na wiki nzima alikuwa ananipigia simu kuuliza nini kitafuata.

Yako mambo mawili zaidi ambayo hayajatajwa hapa. Kila shujaa ana fadhila moja na kasoro moja iliyoandikwa kwenye karatasi yake, na mchezaji anapoiacha kasoro hiyo imponze, analipwa pointi ya ushujaa. Anaweza hata kuchagua kushindwa kabla ya kurusha dadu, naye atalipwa vilevile. Kisha pointi hiyo akiitumia kwa nafsi yake inampa dadu moja ya ziada, lakini akimpa mwenzake inampa mwenzake dadu tatu. Nimeona kundi la watu wabinafsi likigeuka ndani ya vikao viwili kwa sababu ya kanuni hiyo peke yake.

La pili ni kwamba shujaa hakui kwa kuua. Mchezaji mwenyewe anaandika kisa cha shujaa wake, mwisho anaoutaka na hatua inayofuata, na ukubwa wa tuzo unategemea idadi ya hatua. Mwovu naye ana nguvu zake mwenyewe na ana ushawishi wake, yaani fedha, watu na vyeo, na vyote viwili vinajumlishwa katika ukali wake. Ukimvamia akiwa na ushawishi wote atakuponda. Inabidi umharibie mipango kwanza, umpokonye wahongwa wake mmoja baada ya mwingine, ndipo mkutane ngazini na panga mkononi. Kwa hiyo yule gavana wako hakupaswa kupatikana kirahisi katika karamu ya kwanza.

Mwamba wa Nje

Bibi, shikamoo. Ni kweli, nikikumbuka matishio yangu, mengi yalikuwa majeraha. Nakubali hapo. Lakini la turufu ya ziada kwa wazo jipya bado naliona ni kosa la kanuni.

Bibi wa Hadithi

Marahaba. Hapo tuko pamoja. Mimi huisamehe turufu hiyo pale wazo jipya linapomweka shujaa katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo, na huitoza pale linapompunguzia hatari.

Karata Sita

Naongeza jambo moja la matumizi. Dadu za pande kumi ni adimu madukani, na kila mchezaji anahitaji kama nane hivi. Sisi tulichukua karata za kawaida, tukaondoa zote zenye picha za watu, zikabaki 40, kuanzia ree inayohesabiwa moja hadi kumi. Badala ya kurusha dadu saba, unavuta karata saba na kuzipanga mezani katika mafungu. Changanya upya kila baada ya mvuto. Tulikuja kuipenda njia hii zaidi ya dadu, kwa sababu kuzisogeza karata kutafuta kumi kunampa mtu muda wa kuwaza atasema nini.

Mgeni wa Mawimbi

Watu wengi wa kwetu wakiuona mchezo huu hukimbilia Ifri, bara lake la kubuni lililochorwa kwa mfano wa Afrika na lenye kitabu chake. Ni kizuri, nakipenda, ila kwa mara ya kwanza anzia Montaigne au Castille, zinazofanana na Ufaransa na Hispania, kwa kuwa karamu ya gavana wako inaingia huko bila kubadilishwa hata kiti.

Tanga la Pili

Nimeamua hivi. Jumamosi hii sitaanza kisa kipya. Nitawarudisha wachezaji wale wale ukumbini kwa gavana, usiku ule ule, taa ikiwa bado inaning'inia, kwa kanuni za 7th Sea na karata 40, na ramani itabaki kabatini. Tutacheza tukio hilo moja kisha nitawauliza kama tuendelee. Hati ya kunyongwa sitaibadilisha, ila mtumishi mzee aliye chini ya taa nitamfanya kuwa mtu aliyemlea yule mpiga mishale. Naomba mniambie: matishio haya niyaseme kwa mdomo tu, au niyaandike?

Dadu Kumi

Yaandike, dada. Kila tishio na kila nafasi kwenye kipande chake cha karatasi, viweke katikati ya meza, na mchezaji aweke turufu yake juu ya kile anachokichagua kwa mkono wake mwenyewe. Kile cha mzee kiweke karibu yake.