Klachi ya tatu ndani ya miaka miwili: kosa ni mguu wangu, spea au feri ya Likoni?

Mpanda Kivuko ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa za klachi ya nne.

Ninamiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ya gia sita za mkono na injini ya lita 2.0 yenye tabo, ambayo niliinunua kwa mtu wa Nairobi ikiwa katika hali nzuri. Klachi niliyokuja nayo ilikufa baada ya kilomita 19,000 mikononi mwangu, na sikulalamika kwa sababu sikujua mwenye gari wa kwanza aliitumia vipi. Ya pili ilidumu kilomita 11,000. Hii ya tatu haijafika hata 7,000 na tayari inateleza, ilhali nasikia watu wakisema magari yao yamevuka kilomita 100,000 kwa klachi waliyotoka nayo kiwandani.

Dalili zenyewe ni hizi. Gari likiwa baridi klachi inashika vizuri, hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho. Naishi Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni hapa Mombasa, na kazi yangu iko Tudor, kisiwani, kwa hiyo kila siku napita kivukoni: naingia saa nne asubuhi na kurudi saa nne usiku kwa ajili ya zamu. Baada ya dakika ishirini hivi za foleni, ninapopanda kutoka kwenye feri, mshale wa mizunguko unaruka hadi 4,000 huku gari likijikokota, na harufu ya kuungua inajaa ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nikifika Tudor nikaliacha lipoe kwa saa moja au mbili, linarudi kuwa kama halikuwahi kuugua.

Jambo jingine, ambalo huenda halina maana: klachi hii ya tatu ilipofungwa, pedali ilikuwa inashika chini sana, karibu na sakafu. Nilirudi gereji kulalamika, na fundi akaingia chini ya dashibodi na spana, akakaza kitu, na tangu siku hiyo inashika juu kabisa, mwisho wa pedali.

Fundi huyo sasa anasema nina mguu mzito na dawa ni kununua klachi ya mashindano, ile yenye vipande vya kauri, iliyo ghali karibu mara mbili. Mimi sishindani na mtu. Tangu ninunue gari hili sijawahi kuliondoa kwa kishindo hata siku moja. Je, ninunue?

Fundi Mstaafu amejibu:

Wa aleikum salaam. Usinunue chochote kwa sasa. Hilo ulilodhani halina maana ndilo lililonifanya niandike.

Pedali kushika karibu na sakafu mara tu klachi mpya inapofungwa, aghalabu ni hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa mafuta ya klachi (si petroli), na dawa yake ni kutoa hewa hiyo kwenye masta ya chini, yaani silinda ya kwenye giaboksi inayoachanisha klachi. Fundi wako, badala ya kutoa hewa, inaonekana alirefusha kijiti kinachosukuma pistoni ya masta ya juu, silinda inayosukumwa na pedali. Pedali ilipanda, ukafurahi, lakini sasa pistoni haiwezi kurudi nyuma hadi mwisho wake. Ndani ya masta ya juu kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na chupa ya mafuta, na kitundu hicho hufunguka pale tu pistoni inaporudi kikamilifu. Kikiwa kimezibwa, mafuta yanayopata joto hutanuka na hukosa pa kwenda, kwa hiyo huisukuma masta ya chini polepole, na masta ya chini huanza kuachanisha klachi wakati mguu wako hata haugusi pedali. Kumbuka pia kwamba katika Impreza hiyo masta ya chini imekaa juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipozea hewa ya tabo), si mbali na tabo yenyewe. Mafuta yakipoa hunywea, klachi ikashika tena. Ndiyo maana gari lako ni zima asubuhi na ni gonjwa baada ya foleni. Klachi iliyokwisha kwa kulika tu haina tabia ya kupona ikishapoa namna hiyo.

Kuna jaribio rahisi. Siku gari litakapoanza kuteleza, liegeshe mahali tambarare, zima injini, weka breki ya mkono, kisha umwombe mtu anayejua afungue kidogo nati ya kutolea hewa kwenye masta ya chini, kwa kutumia mpira na kichupa ili mafuta yasiharibu rangi ya gari. Mafuta yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga pedali, umempata mwizi wako. Funga nati, ongeza mafuta kwenye chupa, endesha tena: klachi itashika. Kisha kijiti kirudishwe hadi pedali iwe na mchezo wa milimita chache pale juu kabla ya kuanza kusukuma kitu, na hewa itolewe kama ilivyopaswa kutolewa tangu mwanzo.

Hayo yanaeleza klachi ya tatu. Ya pili lazima ilikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo imeandikwa kwenye vyuma vya zamani. Unavyo bado? Watu wengi huwaachia mafundi vyuma vilivyotoka, na huko ni kutupa ushahidi. Pleti (sahani ya msuguano ya klachi) iliyolika sawasawa pande zote hadi kufikia ribiti imekufa kwa msuguano, yaani kwa kuteleza mno. Iliyolowa au yenye weusi unaong'aa imeingiwa na mafuta, na hapo utafute sili ya nyuma ya injini au ile ya mbele ya giaboksi. Uso wa flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake) ukiwa na madoa ya rangi ya samawati, chuma kilipikwa, na ukifunga pleti mpya juu ya madoa hayo bila kuupeleka uso huo kwenye mashine ya kusawazisha, umeanza kuiua pleti siku hiyo hiyo, maana chuma kilichopikwa huwa kigumu kuliko jirani yake na pleti haikai sawa. Muulize fundi wako kama flaiwili ilitolewa au ilipanguswa tu kwa kitambaa.

Nina neno moja kuhusu kushusha giaboksi. Katika gia sita za STI, beringi ya klachi huvivuta vidole vya presha pleti (sahani inayoibana pleti kwenye flaiwili), haivisukumi kama katika magari mengi tuliyozoea. Kabla ya kuitenganisha giaboksi na injini ni lazima kizibo cha pembeni kifunguliwe na pini ya uma unaoivuta beringi hiyo itolewe. Asiyejua hilo huivuta giaboksi kwa nguvu na mtaimbo, na nimeona nyumba ya giaboksi iliyopasuka kwa namna hiyo.

Tai Mbili amejibu:

Njia fupi ya kutibu klachi yako ni kuacha feri na kupita Dongo Kundu. Kutoka upande wa Likoni unaingia barabara ya mchepuko, unavuka Mteza na Mwache, unatokea Miritini bila kusimama hata mara moja.

Mama Shelly amejibu:

Kaka Tai, kutoka Mtongwe kwenda Tudor kwa njia ya Miritini ni kuzunguka bara zima ili urudi kisiwani kupitia Changamwe na Makupa, na petroli ya tabo si maji ya kisima. Ushauri wako unamfaa anayekwenda Mariakani.

Ndugu Mpanda Kivuko, mimi huvuka na Probox ya gia za mkono yenye mizigo ya duka, na klachi yangu ina miaka sita. Siri yangu ni kalenda ya maji. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) bahari yetu hupwa sana kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3. Ukitazama saa zako, wewe unavuka karibu wakati ule ule maji yanapokuwa chini kabisa, kwenda na kurudi! Maji yakijaa, mdomo wa feri hulala juu karibu na usawa wa barabara na gari hutoka kama linatoka uani. Yakipwa, mdomo hushuka mbali kwenye rampu, na unapanda mlima mrefu wa saruji yenye utelezi, mbele yako kuna mkokoteni wa maji, nyuma yako kuna lori, na kijana wa kivukoni anakupungia mkono usogee. Siku za maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa inapokuwa ndogo, shida hiyo hupungua sana.

Wengi hufanya kosa kwenye rampu hiyo hiyo: hulining'iniza gari kwa klachi, pedali ikiwa nusu, gari haliendi mbele wala halirudi nyuma. Dakika moja ya kuning'inia huila klachi zaidi ya kuondoka mara nyingi kwa kawaida. Mimi huvuta breki ya mkono, naweka gia huru, natoa mguu kabisa. Aliye mbele akipata nafasi ya urefu wa magari mawili ndipo ninapoondoka, na honi za nyuma huziacha zipige.

Fundi Mstaafu amejibu:

Mama Shelly amesema kweli tupu, nami niongeze kwa nini gari la mwenzetu linaumia zaidi kuliko Probox yako. Gari la Impreza hukokotwa na magurudumu yote manne. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili likilazimishwa, tairi huteleza na sehemu ya nguvu huishia nje kwa moshi na kelele, lakini hili lake tairi hazitelezi, basi kinachobaki kuteleza ni klachi. Halafu tabo katika mizunguko ya chini bado imelala, kwa hiyo dereva huongeza resi ili gari lisizime, na kila resi ya ziada huku pedali ikiwa nusu ni joto juu ya pleti. Joto hilo hupanda kwa haraka kuliko watu wanavyodhani: kwenye tambarare, anayeiachia klachi kabisa gari likiwa katika mwendo wa kilomita 10 kwa saa huzalisha takriban robo tu ya joto la anayeiachia katika kilomita 20.

Zamani Nilikuwa Kijana amejibu:

Kuhusu klachi ya kauri, niliwahi kuifunga kwenye WRX yangu kwa ushauri kama huo huo. Inashika kama taa: imewaka au imezimwa, katikati hakuna kitu. Katika uwanja wa mashindano hilo ni sifa. Kwenye foleni ya daraja la Nyali gari liliruka kama chura, mke wangu akakataa kupanda, na kila nilipojaribu kuliondoa kwa ulaini niliichoma, kwa sababu vipande vile havikuumbwa kuteleza taratibu. Kama injini yako haijaongezwa nguvu, klachi ya kawaida ya kiwandani inatosha, ilimradi iwe halali. Spea bandia zimejaa, na boksi zuri halithibitishi kitu. Pima pleti mpya kwa kuilinganisha na ya zamani, kipenyo na idadi ya meno ya katikati, kabla fundi hajaanza kazi.

Mpanda Kivuko amejibu:

Narudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru nyote.

Siku ya Jumanne gari liliteleza likitoka kwenye feri. Nililiegesha baada ya kupanda, fundi mwingine akaja na kufungua nati ya masta ya chini. Mafuta yaliruka hadi mkononi mwake. Tulipowasha, gari liliondoka kama lilivyokuwa siku nilipolinunua. Kijiti cha masta ya juu kilikuwa kimekazwa hadi mwisho wa nyuzi zake, na hata ukiigusa pedali kwa kidole hukuwa ukipata mchezo wowote.

Kwa kuwa pleti ilikuwa imekwisha kuungua, tulishusha giaboksi, safari hii pini ikitolewa kwanza. Flaiwili ilikuwa na madoa ya samawati kumi na moja, niliyahesabu, na mengine yalikuwa ya zamani yenye mipasuko midogo kama ya udongo mkavu. Gereji ya kwanza ilipoulizwa ilikiri kwamba haikuwahi kuisawazisha katika mara zote mbili. Mwenye mashine alisema mipasuko imeingia ndani mno, hivyo nimenunua flaiwili nyingine pamoja na klachi ya kawaida, na kilomita 800 za kwanza ninaziendesha kwa upole ili pleti ijikalie. Mguu wangu nao hauna usafi wote: nilikuwa nikining'inia kwenye rampu kila siku, nikidhani huo ndio uhodari wa kuendesha gia za mkono. Nimeomba zamu ya kuanza saa mbili asubuhi kwa siku za bamvua.

Swali la mwisho kwa Fundi: kwa unyevu huu wa Pwani, mafuta ya masta niyabadilishe baada ya muda gani?

Fundi Mstaafu amejibu:

Kila miaka miwili, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa, maana mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani. Yakigeuka kama chai ya mkandaa kabla ya hapo, usingoje.