Waviking kufika bara la Amerika kabla ya Columbus, ushahidi upo au stori tu?

kobe_msomi:
Wakuu salama? Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Anasema Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, walifika Amerika karibu miaka 500 kabla ya Columbus, mi namwambia hizo ni sifa zao wenyewe, nani alikuwepo? Akanitupia "mwaka 1021" kama vile ana risiti mfukoni. Hivi kitu cha miaka elfu unakijuaje mpaka mwaka kamili?

mbao_kavu:
Hapo shemeji kakuweza 😂 Panaitwa L'Anse aux Meadows, kule juu kabisa kisiwa cha Newfoundland, Kanada. 1960 Mnorwei mmoja Helge Ingstad alipita huko anaulizia magofu, mkazi wa pale akampeleka kwenye vituta vimeota nyasi ambavyo wao walijua ni kambi ya zamani ya Wahindi Wekundu. Mkewe Anne Stine, yeye ndo mwanaakiolojia, akachimba miaka kadhaa, zikatoka nyumba nane za udongo na nyasi, sehemu ya kufulia chuma, misumari ya boti, na kijiwe chenye tundu cha kusokotea sufu, maana yake wanawake pia walikuwepo.

Sasa risiti yenyewe. Mwaka 993 dunia ilipigwa na dhoruba kali ya jua, kwahiyo mti wowote uliokuwa hai ukabaki na alama ya kaboni kwenye duara lake la mwaka ule (mti huongeza duara moja ndani ya shina kila mwaka). Pale kijijini kuna vipande vya mbao vilivyokatwa na chuma, na wenyeji wa huko hawakuwa na zana za chuma. Wakaitafuta ile alama, wakahesabu duara kwenda nje hadi kwenye gome: 28. Jumlisha mwenyewe. Na ni miti mitatu tofauti, yote jibu moja.

kobe_msomi:
Duh, aisee. Ila kama walifika mbona hawakukaa?

pwani_baridi:
Watu wa kukaa wangetoka wapi? Kwao palikuwa Greenland, napo pachanga, Erik Mwekundu alienda huko baada ya kufukuzwa Iceland kwa kuua watu, na simulizi zao zinasema meli 25 ziliondoka zikafika 14. Mwanae Leif ndo akaenda mbele zaidi. Baadaye Mviking mwingine, Karlsefni, na mkewe Gudrid walijaribu kuhamia kabisa, hadi mtoto wakazalia huko, Snorri, lakini wakagombana na wenyeji, na wenyeji walikuwa wengi. Pale Newfoundland inaonekana palikuwa kituo tu cha kutengeneza boti, maana zimekutwa kokwa za jamii ya jozi ambazo haziotagi pale, mpaka ushuke kusini.

kobe_msomi:
Haya nimesalimu amri. Ila shemeji kasema pia walivaa kofia za pembe.

mbao_kavu:
Hizo waliwavisha watu wa maigizo karne ya 19. Mwambie ngoma droo, chai mnunuliane.