Linux Mint, Debian au FreeBSD kwa laptopu ya kazi?

Wakuu, habari za leo. Nina ThinkPad T450, RAM GB 8. Windows 10 ilikatiwa masasisho Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni ya 5. Kazi yangu ni kuchapa mitihani ya walimu, kuprinti, na mtandao natumia bando la simu. Nataka mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows: rafiki ananisifia FreeBSD kwa utulivu, mwingine ananivuta Linux Mint. Mashine hii ndiyo inayonilisha, sitaki kubahatisha. Naombeni ushauri.

Kokwa la Nazi:
Mkuu, FreeBSD naipenda, sava yangu inaendeshwa nayo miaka yote. Kiini (kernel, sehemu inayoongoza mashine yenyewe) na zana za msingi vinatunzwa pamoja na timu moja, utulivu unaosifiwa unatoka hapo. Ila kwa kazi yako, hapana. Ukimaliza kuiweka unakuta skrini nyeusi ya maandishi. Madirisha na draiva ya michoro unaongeza mwenyewe. Nilipochomeka simu kwa waya nipate intaneti, ilinibidi kwanza nipakie moduli ya if_urndis kwa amri. Mteja akiwa amesimama dirishani, muda huo utautoa wapi?

Mama Steshenari:
Mdogo wangu, niko Mint ya Xfce, ile yenye muonekano mwepesi, mwaka wa pili sasa. Simu nachomeka tu, inashika. Kilichonitesa ni mitihani: majedwali ya Word yalihama nilipoyafungua kwenye LibreOffice, programu ya kuchapa ya huku Linux, swali la mwisho likaangukia ukurasa mwingine, na karatasi nimeshazitoa nakala. Kumbe ni fonti. Nilipoweka Carlito, yenye upana uleule wa herufi za Calibri, kila kitu kikarudi mahali pake.

Mzee wa Terminali:
Msiisahau Debian, nayo ni Linux. Zamani waifai ilikuwa inasumbua, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 firmware zisizo huria (programu ndogo ambazo kadi nyingi za waifai huzihitaji) zinakuja ndani ya kisakinishi. Hata hivyo kwa anayeanza nakubali Mint 22, ina masasisho hadi 2029.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Usiku huu naiweka Mint kwenye flashi niiwashe bila kugusa diski, nijaribu printa na simu. Mama, hiyo Carlito naipata wapi?

Mama Steshenari:
Fungua Meneja wa Programu, tafuta fonts-crosextra-carlito. Na mafaili ya walimu yahamishie kwanza kwenye diski ya nje, mdogo wangu, kabla hujagusa chochote.