Mchezo wa David Ferrer: nini kinafundishika kwa vijana wafupi kwenye uwanja wa udongo?

KochaUjiji (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha tenisi vijana wa miaka 12 hadi 15 hapa Ujiji, uwanja wa udongo. Wengi ni wafupi na wote wanamwiga Nadal: wanazungusha raketi juu ya kichwa, mpira unaangukia katikati ya uwanja, mwenzao anaumaliza. Naona mfano wao sahihi ni Mhispania mwingine, David Ferrer, sentimita 175 tu na bado alifika namba 3 duniani. Nauliza:

1. Kilichomfikisha pale ni mbio na pumzi peke yake, au kuna ufundi tusiouona?
2. Mazoezi gani ya mtindo wake yanawezekana kwa kocha mmoja na ndoo ya mipira?
3. Uwanja kiangazi unakuwa vumbi juu na kokoto chini, watoto wanateleza vibaya. Turekebishe vipi?

MtuWaIsevya (Tabora)

Kocha, nianze na la kwanza maana ndilo linalopotoshwa sana. Watangazaji walizoea kusema Ferrer ni mbio tu, na watu wakaamini. Wakimbiaji kwenye tenisi ni wengi, wala hawafiki namba 3.

Amezaliwa Jávea, mkoa wa Alicante, Aprili 1982, akaingia kwenye tenisi ya kulipwa mwaka 2000. Taji la kwanza alilipata Bucharest 2002, la mwisho Båstad 2017. Jumla mataji 27: 13 ya udongo, 12 ya sakafu ngumu na 2 ya nyasi. Hizo za sakafu ngumu zisikupite. Angekuwa mtu wa kusukuma mipira na kungoja mwenzake akosee, sakafu ngumu ya ndani ingemuumbua. Lakini mwaka 2012, akiwa na miaka 30, alichukua mataji saba: Auckland, Buenos Aires, Acapulco, 's-Hertogenbosch (nyasi hiyo), Båstad, Valencia na Paris. Ile ya Paris ndiyo Masters 1000 yake pekee (daraja linalofuata chini ya yale mashindano manne makubwa), alimfunga Jerzy Janowicz 6-4, 6-3. Julai 2013 akawa namba 3.

Ufundi uko kwenye mambo mawili. La kwanza, kurudisha servisi (pigo la kuanzisha pointi). Hakuwa anasubiri mpira nyuma kabisa karibu na ukuta. Alisogea, akapiga kwa mkono mfupi, mpira ukatua kwa kina, na mwenye servisi akapoteza faida yake palepale. La pili, forehendi (pigo la upande wa mkono wenye raketi) kutoka kona ya bekihendi (upande wa pili wa mwili). Anauzunguka mpira, anaupiga kwa mshazari kwenda kwenye bekihendi ya mpinzani, tena na tena, mpaka upatikane mpira mfupi. Mbio zilikuwa za kumfikisha kwenye forehendi hiyo. Kijana akiziiga mbio bila forehendi atachoka bure.

Mzee_wa_Wavu

Tusimpambe sana. Grand Slam, yale manne makubwa ya mwaka, ngapi? Sifuri. Kwa Federer alicheza mara 17 akafungwa zote 17. Fainali za Masters 1000 alicheza saba akashinda moja. Vijana wapewe mfano wa mshindi.

MtuWaIsevya

Mzee, takwimu zako ziko sawa, ila hizohizo ndizo zinazomfundisha kocha mahali mtindo unapokwama.

Ferrer aliishia kwa watu walewale. Nusu fainali ya Roland Garros (Grand Slam ya udongo, Paris) 2012 Nadal alimpiga 6-2, 6-2, 6-1. Nusu fainali ya Australia 2013 Djokovic akampiga matokeo yaleyale, 6-2, 6-2, 6-1. Fainali ya Roland Garros 2013 aliifikia bila kupoteza hata seti moja, halafu Nadal akamwambia 6-3, 6-2, 6-3. Sababu kubwa ni servisi. Mfupi hana kimo cha kuupiga mpira chini moja kwa moja kwenye kisanduku cha servisi, kwa hiyo anaupitisha juu zaidi ya wavu na unafika taratibu. Mtu wa kawaida anaurudisha tu. Djokovic anauadhibu, na Ferrer anaanza pointi yake mwenyewe akiwa amekimbizwa.

Hata hivyo usiseme hakuwa mshindi. Ferrer alimfunga Nadal mara sita, zikiwemo US Open 2007 na Australia 2011. Fainali ya Kombe la Davis (la timu za mataifa) 2009 kule Barcelona alikuwa nyuma seti mbili kwa Radek Štěpánek, 1-6, 2-6, akageuza 6-4, 6-4, 8-6. Fainali ya 2011 Seville alimfunga Juan Martín del Potro kwa seti tano. Hispania ilibeba lile kombe 2008, 2009 na 2011 akiwa kikosini.

Jingine ambalo makocha wetu hawaliangalii: alipanga ratiba kwa akili. Februari, wakati wakubwa wengi wakipumzika au wakiwa kwingine, yeye yuko Amerika ya Kusini na Meksiko kwenye udongo anachuma pointi. Buenos Aires alishinda 2012, 2013 na 2014 mfululizo, Acapulco mara nne, tatu kati ya hizo kwenye udongo. Kijana wako naye asisubiri mashindano makubwa ya mara moja kwa mwaka. Mechi ndogondogo nyingi, za kuhesabiwa pointi kwa karatasi, zitamjenga zaidi.

Bangwe_Topspini (Kigoma)

Naongeza kwenye servisi kwa sababu ndipo wafupi wanapokata tamaa. Wavu katikati ni sentimita 91.4, kwenye nguzo ni 107. Tofauti ya karibu sentimita 16 hiyo ni zawadi kwa mfupi. Servisi ya kwanza aielekeze kwenye mstari wa katikati au mwilini mwa mpinzani, si pembeni. Ya pili iwe na mzunguko, arushe mpira juu ya kichwa badala ya mbele. Lengo ni servisi ya kwanza saba kati ya kumi ziingie. Akipata nne za kasi na sita za kukosa, mwambie apunguze nguvu, asibadilishe mkono.

Hesabu hiyohiyo inaongoza mpira wa mshazari. Uwanja wa mtu mmoja mmoja ni mita 23.77 kwa 8.23. Kutoka kona hadi kona kwa mshazari ni kama mita 25.15, yaani una karibu mita 1.4 za ziada, na unapita juu ya sehemu ya chini ya wavu. Ndiyo maana Ferrer aling'ang'ania mshazari, na kupiga kwa kunyoosha kandokando ya mstari alikungojea mpira mfupi.

Mazoezi sasa.

Kuzunguka bekihendi: kocha simama katikati ya upande wa pili, weka chupa ya maji mita moja na nusu ndani ya mstari wa pembeni, kona ya bekihendi ya mpinzani. Lisha mipira minane, mchezaji aipige yote kwa forehendi kuelekea kwenye chupa. Mizunguko sita, pumziko sekunde 40. Kosa ni moja karibu kwa watoto wote: wanaenda pembeni moja kwa moja, mwili unaufikia mpira kabla ya raketi, kiwiko kinabanwa, mpira unaingia wavuni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kulia urudi nyuma kwanza, nyonga ifunguke, ndipo hatua ndogondogo za pembeni. Akishapiga asikimbilie katikati kabisa. Mahali pake pa kungoja ni nusu mita hadi mita moja kushoto kwa katikati, kwa sababu jibu la mpinzani lenye pembe kubwa linarudi hukohuko.

Kurudisha servisi: kocha asipige servisi kutoka mstari wa nyuma, asogee mpaka mstari wa kisanduku ili mpira uje haraka. Chora sanduku la mita 3 kwa 2 katikati, likigusa mstari wa nyuma. Mkono uvutwe nyuma nusu tu. Mipira 20 kila upande, 14 ikitua mle unasonga mbele mita nusu. Kwa nini katikati? Mpira wa kina katikati haumpi mpinzani pembe. Wanaolenga kona mapema wanatoa nje nusu ya mipira na kujidanganya kwamba wanashambulia.

La tatu ni lile la Wahispania la umbo la X: mpira wa kina kulia, wa mfupi kushoto, wa kina kushoto, wa mfupi kulia, bila kusimama. Mizunguko mitatu ya X ni mipira 12, kisha dakika moja ya kupumzika. Miguu ikianza kugongana, acha. Ukiendelea unafundisha makosa.

Mzee_wa_Wavu

Na ile hadithi ya kocha wake Javier Piles kumfungia kwenye chumba cha mipira? Alikuwa hataki mazoezi akiwa kijana, akafungiwa, baadaye akaacha tenisi akaenda kufanya kazi ya ujenzi, akaona moto, akarudi mwenyewe. Wapo makocha wanaisimulia kama njia ya kufundisha nidhamu.

Bangwe_Topspini

Usiige hiyo, mzee wangu. Kilichomrudisha ni zege, si chumba. Mtoto wa kule Ujiji ukimfungia utamkuta kesho ziwani anaogelea na raketi amemwachia mdogo wake.

Cha kuiga kwenye nidhamu ni kingine. Fainali ya Miami 2013 dhidi ya Andy Murray, Ferrer alikuwa na pointi ya ubingwa kwenye seti ya tatu. Forehendi ya Murray ikaanguka kwenye mstari, yeye akausimamisha mchezo kuomba marudio ya kamera. Mpira ulikuwa ndani. Akapoteza taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6) 7-1 na taji likaenda. Watoto wetu wana tabia hiyohiyo, wanainua kidole "nje!" mpira ukiwa bado hewani. Kanuni ya mazoezini iwe: unarudisha kwanza, ndipo unaita. Kwenye udongo alama inabaki, mtaenda kuitazama.

KochaUjiji

Nashukuru sana wakuu. Nimeshanakili yote. Limebaki la uwanja. Na mipira pia: tukienda Tabora kucheza, mipira inatoka nje kila mara, vijana wanadhani wameharibika.

FundiUdongo (Tabora)

Hawajaharibika. Kigoma kando ya ziwa ni kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni karibu 1,200. Hewa nyepesi inaupunguzia mpira breki, na mpira wenye shinikizo unadunda zaidi. Hata Madrid, yenye kama mita 650, inasifika kwa udongo wenye kasi kuliko Roma na Monte Carlo. Kanuni za kimataifa zinaruhusu mipira maalumu ya miinuko kuanzia mita 1,219, sisi tumeishia mlangoni tu. Tiba: kaza nyuzi za raketi kilo moja zaidi kabla ya safari, na walenge mita moja ndani ya mstari siku mbili za kwanza. Wanaoanza wape mipira ya alama ya kijani, ambayo ni polepole kwa robo hivi. Mpira wa zamani upime: uangushe kutoka sentimita 254 kwenye saruji. Mpya unarudi 135 hadi 147. Ukirudi chini ya 120 uhamishie kwenye ndoo ya kulishia, usiutumie kwenye mechi.

Uwanja. Uwanja wa Roland Garros wanaouona kwenye runinga ni unga wa tofali wa milimita 1 hadi 2 tu, chini yake kuna chokaa iliyopondwa, na chini zaidi matabaka ya kupitisha maji. Wengi wanadhani ni udongo mwekundu mita nzima chini. Wewe huna haja ya kujenga upya. Kokoto zinatokana na changarawe kupoteza udongo wake laini kwa upepo. Fanya hivi, mwishoni mwa masika ardhi ikiwa bado na unyevu:

Kwangua juu sentimita 2, chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 3, kokoto tupa nje. Rudisha kilichopita, changanya na udongo wa kichuguu uliopondwa, sehemu moja kwa tatu. Mwagia maji, ngoja mpaka ukiukanyaga hauachi matope kwenye kiatu, ndipo upitishe rola. Ukipitisha mapema unanata kwenye rola na kuacha mashimo. Acha mteremko wa sentimita 3 hadi 5 kila mita 10, kuelekea upande mmoja, sio katikati.

Unga wa juu: tofali za kuchoma zilizovunjika, ambazo huku Tabora na hata kwenu zipo pembeni ya kila tanuri. Chagua zilizoiva vizuri. Mbichi zinageuka tope mvua ya kwanza. Zipondwe, zichekechwe. Uwanja pamoja na nafasi ya kuzunguka, mita 36.57 kwa 18.29, ni mita za mraba 669. Kwa milimita 2 unahitaji kama lita 1,340, yaani ndoo 67 za lita 20. Ukizidisha milimita 3 watoto wataanguka.

Kila siku: maji asubuhi na saa moja kabla ya kucheza, baada ya mchezo buruta gunia lenye maji kwa mzunguko kutoka nje kwenda ndani. Ukianzia ndani unga wote unahamia kwenye uzio.

Kuteleza kwenyewe kufundishwe mwisho, uwanja ukishatulia. Mtelezo uanze kabla ya kupiga na uishe wakati raketi inagusa mpira, mguu wa mbele ukielekea kule unakokwenda. Watoto wanapiga kwanza kisha wanateleza, hapo kifundo cha mguu ndicho kinachoumia na pointi inayofuata wamechelewa. Viatu soli ya zigizagi, si soli laini ya kutembelea.

KochaUjiji

Fundi, chumvi ya Uvinza iko jirani na ni rahisi. Nikinyunyiza haitashika unyevu?

FundiUdongo (Tabora)

Kinachotumika viwanjani ni kloridi ya kalisi, hiyo inavuta unyevu hata hewa ikiwa kavu. Chumvi ya kula inaanza kuvuta hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 hivi. Alfajiri kando ya ziwa labda, mchana wa Agosti haifanyi kitu, na nguzo za wavu zitashika kutu. Pesa hiyo nunua bomba la maji la mita 30 na kichwa cha kunyunyizia.