Mama alivimba midomo akakosa pumzi baada ya omeprazo, esomeprazo anaweza kunywa?

nyota_ya_tanga:
Wadau habarini, naombeni msaada. Mama ana kiungulia cha muda mrefu, wiki hii kanunuliwa omeprazo kameza kapsuli moja, haikupita nusu saa viganja vikaanza kumuwasha, mara midomo ikavimba, sauti ikakauka, akawa anahema kwa shida mpaka akaishiwa nguvu akaanguka. Tukamkimbiza hospitali akachomwa adrenalini pajani ndo akapata nafuu. Sasa kiungulia kimerudi, nimeenda famasi kijana ananiambia chukua esomeprazo hiyo ni dawa nyingine kabisa. Moyo unasita. Na omeprazo alishawahi kunywa zamani bila shida yoyote, hapo ndo nachanganyikiwa.

dawa_kwa_makini:
Pole sana dada, esomeprazo USIMPE. Imetokana na omeprazo yenyewe, kwahiyo hatari iko palepale. Pantoprazo, dawa ya jamii hiyohiyo, nayo mara nyingi inaingia humohumo. Lansoprazo na rabeprazo, nazo za jamii hiyo, kuna wenye aleji ya omeprazo wanazimudu lkn wengine zinawakataa, kwahiyo msijaribu nyumbani, daktari wa aleji anapima ngozi kwanza, tena mahali penye adrenalini. Kunywa zamani bila shida sio kinga, mara nyingi mwili unajifunza kuiona dawa kama adui taratibu halafu siku moja unalipuka.

baba_wawili:
Alimeza omeprazo peke yake au ile dozi ya bakteria wa vidonda vya tumbo? Maana ile inaenda na amoksilini, na hiyo ni jamii ya penisilini, aleji zake zinajulikana. Mtu anaweza kuandikiwa hana ruhusa ya penisilini maisha yake yote kumbe mkosaji ni omeprazo, au kinyume chake.

nyota_ya_tanga:
Omeprazo tu kaka, hata diklofenaki ya maumivu hakumeza siku hiyo, kabla yake alikunywa uji tu.

nesi_wa_zamu:
Basi omeprazo ndo ya kushukiwa kwanza. Ikitokea tena (Mungu aepushe) msianze kuhangaika na piritoni, ile inatuliza muwasho tu, haifungui koo wala haipandishi presha, kinachookoa ni adrenalini kwahiyo hospitali haraka. Njiani alazwe chali miguu juu, akishindwa kupumua akae, ila msimsimamishe wala kumtembeza, presha ikishaporomoka kusimama tu kunaweza kumuua. Na hata akipata nafuu akae chini ya uangalizi, maana hali inaweza kurudi masaa kadhaa baadaye.

dawa_kwa_makini:
Naongezea, kwa hicho kiungulia muulizeni daktari kuhusu famotidini, ni kundi lingine la dawa za asidi, japo nayo kuna wachache inawaletea aleji. Jina omeprazo liandikwe kwa wino mwekundu juu ya kadi yake ya kliniki. Boksi la zile kapsuli msilitupe, nendeni nalo, maana mara chache tatizo huwa ni rangi au ganda la kapsuli na sio dawa yenyewe.