Wiki ya saba kwa ustadhi wa sarangi, bado niko kwenye Sa. Nihamie dilruba?

Fidla_Mkunazini

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa watu wanaojua ala za nyuzi, hasa za Kihindi.

Niko Pune, India, kimasomo. Nimebakiza miezi 14 nirudi Unguja. Fidla naipiga tangu nina miaka 12, na nimekaa kwenye kundi la taarabu kwa muda mrefu, kwa hiyo muziki si mgeni kwangu. Mwaka jana mwezi wa Desemba rafiki yangu alinipeleka kwenye lile tamasha la Sawai Gandharva, ambalo mwimbaji Bhimsen Joshi alilianzisha hapa Pune mwaka 1953 kumkumbuka mwalimu wake. Nyuma ya mwimbaji alikaa mzee mmoja na sarangi, ala ya nyuzi ya kupigwa kwa upinde. Kila mwimbaji alipomaliza mstari, ile sarangi iliurudia, kila kona, mpaka pale alipovuta pumzi. Nilishindwa kula usiku ule. Nikasema lazima nijifunze.

Kosa la kwanza nimeshalifanya: nilinunua ala kabla ya kumpata mwalimu. Duka la watalii, rupia 18,000, imenakshiwa inang'aa. Ustadhi alipoiona aliigeuza mara mbili, akagonga tumbo lake kwa kucha, akanirudishia kimya. Vigingi vinateleza, na shingo imegundishwa, ilhali sarangi ya kweli huchongwa kwenye gogo moja kuanzia kichwa hadi kitako. Akaniazima yake ya zamani.

Sasa shida yenyewe. Wiki ya saba hii, siku mbili kwa wiki, napiga Sa peke yake. Sa, yaani noti ya kwanza, ile ambayo nyingine zote zinaiegemea. Kwanza naiimba nusu saa, halafu ndiyo naipiga. Nikiikosea kidogo tu anasema "tena". Sijaona Re wala Ga, noti zinazofuata.

Na vidole vinauma. Kwa msiojua, kwenye sarangi huukandamizi uzi kwa ncha ya kidole kama fidla. Unauegemeza ubavuni, kwa pale juu ya ukucha ngozi inapoanzia, halafu unateleza. Kidole changu cha shahada kimechubuka. Upinde nao ni mzito na unashikwa kiganja kikiangalia juu, mazoea yangu yote ya fidla yanagoma.

Mwenzangu wa hosteli ananiambia nihamie dilruba au esraj, nazo ni za upinde lakini zina freti, yaani vile vipande vya shingoni kama vya gitaa, nitapiga nyimbo mapema. Nifanye nini? Na jambo la pili: wanafunzi wenzangu wakiingia wanamgusa ustadhi miguu. Mimi Muislamu, nabaki nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Naomba hekima zenu.

SinaHaraka

Badili mwalimu mkuu. Wiki saba noti moja, na ada unalipa? Mimi gitaa nilijifunza kodi (chords) tatu wiki ya kwanza.

Babu_Mahadhi

Mwanangu Mkunazini, tulia kwanza, nikueleze nilichokiona Delhi miaka yangu minne ya kukaa na watu hawa.

Tazama sarangi iliyo mapajani mwako. Nyuzi unazopiga kwa upinde ni tatu tu, za utumbo wa mbuzi, na kawaida hufungwa Sa, Pa (noti ya tano) na Sa ya chini. Chini yake kuna nyuzi nyembamba za chuma na shaba, zaidi ya 30, zinapita kwenye vitundu vya kile kidaraja cha mfupa. Zile zinaitwa tarab. Huzigusi hata siku moja. Zimetyuniwa kwenye noti za raga, yaani ule mpangilio wa noti unaoupiga, na ukiigonga noti sawasawa, ile tarab yake inaamka yenyewe na kuimba pamoja nawe. Ukikosea hata kwa unywele, inabaki imelala.

Kwa hiyo ustadhi haisikilizi Sa yako peke yake. Anasikiliza kama tarab zimeitika. Freti hakuna, alama hakuna, na uzi uko hewani hauguswi na ubao. Mwalimu wako wa pili ni zile nyuzi za chini. Akikupeleka Re na masikio yako hayajajua kuzisikiliza, utabahatisha maisha yako yote. Nimewaona watu wa namna hiyo, miaka sita wanapiga, na ukikaa karibu nao sauti imekauka kama mbao.

Kuimba nako kuna sababu. Sarangi kwa vizazi kazi yake ilikuwa kumfuata mwimbaji. Wapigaji wake wengi walijua nyimbo kuliko waimbaji wenyewe, na bado walidharauliwa, kwa kuwa ala ilihusishwa na kumbi za wanawake waliocheza na kuimba. Harmonia, kile kinanda cha upepo, ilipokuja, nyepesi, haitaki kutyuniwa, ikawapokonya kazi. Aliyeitoa sarangi nyuma ya mwimbaji na kuikalisha katikati ya jukwaa, zaidi ya yeyote, ni Ram Narayan, mzaliwa wa Udaipur mwaka 1927, aliyefariki Novemba 2024. Mtafute umsikilize akifungua raga taratibu, ile sehemu ya alap isiyo na ngoma. Sikiliza Sa yake tu, mengine yaache kwanza.

Vidole: poda ya watoto, ipake kwenye kucha na ngozi ya juu yake, kidole kiteleze. Kucha usizikate hadi mzizi, wala usiziache ndefu. Piga dakika 20, pumzika, rudia. Ngozi ikishachanika acha siku mbili, usijitie ushujaa, maana ukipiga na kidonda mkono wote unajikunja kukikwepa na tabia hiyo haitoki tena. Baada ya miezi pataota kigaga kigumu na kijifereji juu ya ukucha. Wapigaji wa sarangi utawajua kwa hicho.

Lile la duka pole sana. Itundike ukutani, usihangaike kuitengeneza.

Kaur254

Sasa mimi nitatofautiana kidogo na Babu, kwa heshima zote.

Nimezaliwa Kisumu, familia yetu ni Masingasinga, na napiga dilruba kwenye kirtan, nyimbo zetu za ibada, tangu nikiwa darasa la sita. Kwetu ala za nyuzi ni ibada. Kuna ndugu yake mkubwa anaitwa taus, ana kichwa na shingo ya ndege. Waswahili wenzangu hamhitaji kutafsiriwa: taus ni tausi huyohuyo, neno ni moja. Masimulizi yetu yanasema taus ilitoka enzi za Guru Hargobind, kiongozi wa sita wa dini yetu, na dilruba ikafuata ikiwa ndogo zaidi, rahisi kubebwa na watu walio juu ya farasi.

Dilruba inapigwa kwa upinde kama sarangi, nayo ina tarab, lakini shingoni ina freti za chuma zilizofungwa kwa uzi, karibu 20, na zinasogezwa kulingana na raga. Unateleza na vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya uzi mmoja. Esraj ni dada yake wa Bengal, tumbo jembamba zaidi. Mshairi Rabindranath Tagore aliipenda mpaka ikafundishwa pale Santiniketan, kwenye shule yake, kusindikiza nyimbo zake.

Ninachotaka uulizie ni Unguja. Miezi 14 itaisha. Sarangi ina ngozi ya mbuzi tumboni na nyuzi za utumbo. Pune yenyewe masika ya Juni hadi Septemba ngozi inalegea, nyuzi zinavimba, unatyuni asubuhi na mchana imeshahama. Sasa fikiria Mkunazini, bahari hapo, unyevu mwaka mzima. Nani atakuwambia ngozi mpya kwenye ala? Utapata wapi uzi ukikatika? Dilruba pia ina ngozi, siwezi kukudanganya, lakini nyuzi zake ni za chuma, unabeba pakiti kumi kwenye begi na maisha yanaendelea. Na ndani ya miezi michache utakuwa unapiga wimbo mzima ambao mama yako anaweza kukaa akausikiliza.

Lakini freti zisikudanganye kwamba ni kinanda. Uzuri wote wa dilruba uko kwenye ule mtelezo kati ya freti na freti, meend wanauita, na hapo sikio ni lilelile analolisema Babu.

SinaHaraka

Babu nimekusoma, hilo la tarab sikulijua, nafuta la kubadili mwalimu. Ila bado nasema amuulize mpango. Mtu ana miezi 14 na visa ina mwisho. Si utovu wa adabu kuuliza.

Ummu_Layla

Mkunazini, assalaam alaykum mwanangu. Nimesoma Aligarh, India, zamani, sasa niko Maskati.

Kuhusu miguu: wapigaji wengi wakubwa wa sarangi ni Waislamu, na hata nyumbani kwao utawaona wanafunzi wa dini zote wanainama, kwa kuwa ni desturi ya adabu ya huko. Hata hivyo hakuna atakayekulazimisha. Mimi mwalimu wangu wa kuimba alikuwa Mhindu. Siku ya kwanza nilimwambia wazi, "Mwalimu, kwetu tunainama kwa Mungu tu, naomba nikusalimu kwa mkono kifuani." Akaweka mkono wake kifuani akaniitikia hivyohivyo miaka mitatu. Kinachowaumiza ni mtu kuingia na viatu, kuiruka ala iliyolala sakafuni, au kuchelewa. Ala usiiruke kabisa, izunguke.

Mazoezi wao wanayaita riyaz. Ni neno la Kiarabu, lilelile lililotuzalia riadha. Mkimbiaji hakasiriki kuzunguka uwanja uleule kila alfajiri.

Na ipo siku, akikukubali, anaweza kukufunga uzi mkononi. Ganda bandhan wanaiita. Ukifikia hapo wewe ni mtoto wa nyumba ile, na kuondoka kwenda kwa mwalimu mwingine kunakuwa jambo zito. Kwa hiyo la dilruba liamue kabla ya hapo.

Mtoto_wa_Dodoma

Naongeza moja tu. Marehemu babu yangu alipiga zeze la Kigogo kwa upinde, na pale pia kidole kinaugusa uzi tu, hakiusukumi hadi kwenye mti. Nilipojaribu utotoni nikawa nabana kwa nguvu, alinipiga kofi la mkono kila mara: "Usiukabe, uguse." Msikilize Hukwe Zawose, gwiji wa Kigogo, akipiga zeze utaona. Wewe fidla imekuzoesha kukaba. Labda uchungu wa kidole chako unatoka hapo, si kwenye sarangi.

Babu_Mahadhi

Mtoto wa Dodoma umenena. Hilo ndilo nililisahau. Na Kaur, hoja ya unyevu sina jibu lake, umenishinda.

Fidla_Mkunazini

Wakuu, samahani kwa kimya cha siku tisa, nilikuwa na mitihani. Nimesoma yote, nimeyasoma tena kwenye basi.

Nilianza na ushauri wa Ummu Layla. Jumatano niliingia, nikaweka mkono kifuani, nikamweleza. Ustadhi akacheka sana, akasema amekuwa akijiuliza kwa nini huyu kijana husimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai deni. Yeye ni Muislamu, jina lake tu lilinipoteza. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa salamu.

Nikamuuliza na la mpango. Nikamweleza kuhusu Unguja, bahari, nyuzi, miezi. Alinyamaza muda, akasema nisirudi na sarangi. Rafiki yake anatengeneza dilruba, tutaenda pamoja kuchagua nikikaribia kuondoka, na miezi minne ya mwisho atanifundisha hiyo. Mpaka hapo ni sarangi, kwa kuwa anasema anataka nirudi na masikio, mikono itapata chombo. Kaur, nitakutafuta faraghani unieleze nyuzi za kubeba.

Halafu tukapiga. Nilikuwa na poda, na maneno ya babu wa Dodoma kichwani, usiukabe, uguse. Nikalegeza kidole mpaka nikahisi sishiki kitu. Sa ikatoka nyembamba kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilipouinua upinde, sauti haikukatika. Ilibaki kule chini, kwenye zile nyuzi ambazo sikuzigusa, inazunguka ndani ya mti, na mimi naihisi mbavuni ambako ala imeegemea. Nikamtazama ustadhi. Alikuwa amefumba macho na mkono wake uko juu, ananizuia nisisogee.

Ilipoisha akasema, "Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Jumamosi tunaanza Re.