Mwenye leseni ya kutibu akili nitamjuaje? Niko Kigoma

MamaDagaa wa Kibirizi
Shikamooni wakubwa, wa rika langu habari zenu. Mimi nauza dagaa Kibirizi. Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa usiku. Mwaka 2024, kabla Ziwa Tanganyika halijafungwa uvuvi usimame, upepo uliwapindua. Yeye alishikilia dumu mpaka alfajiri, wenzake wawili hawakurudi. Ziwa lilipofungwa Mei 15 alikula, akacheka, nikasema yameisha. Likafunguliwa Agosti 15, mitumbwi ikaanza kutoka jioni, na usingizi ukamkimbia mpaka leo. Tena si kila usiku. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wakipumzika, analala kama mtoto. Giza likirudi anakaa kaegemea ukuta, anahesabu injini zinazotoka, asubuhi anahesabu zinazorudi.

Nilimpeleka kwa mtu mmoja mwenye bango la "Dokta wa Akili". Elfu arobaini siku ya kwanza. Akatupa vidonge kwenye bahasha ya kaki, haina jina la dawa wala la mgonjwa. Mdogo wangu akalala siku mbili, mate yanamtoka. Nauliza ni dawa gani, naambiwa siri ya ofisi. Mimi dagaa wenye mchanga namwambia mteja wana mchanga, yeye ananificha kidonge!

Sasa mwenye leseni nitamjuaje? Na hapa Kigoma yupo, au mpaka Dodoma?

Nesi wa Kasulu
Pole sana dada. Mimi ni muuguzi, afya ya akili ndiyo niliyosomea. Dodoma usianzie huko. Nenda Maweni, ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, pale mapokezi ulizia huduma ya afya ya akili. Ukipitia kituo cha afya kwanza, omba barua ya rufaa. Ile bahasha nenda nayo na vidonge vilivyobaki, usivitupe.

Kuhusu leseni: muulize jina lake kamili, namba ya usajili, na baraza lililomsajili. Daktari yuko Baraza la Madaktari Tanganyika, sisi tuko Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wa dawa za miti naye ana baraza lake, la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo mtu akikwambia "nimesajiliwa", muulize wapi. Usajili wa miti shamba haumruhusu kugawa vidonge vya hospitali. Na cheti cha semina si leseni, hata kikiwekwa fremu. Daktari unaweza kumtafuta kwenye tovuti ya baraza lake, simu yako inatosha. Usione aibu kuuliza, mimi nikiulizwa natoa kitambulisho.

Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo, haandiki dawa. Akikuandikia, shtuka. Kwa yaliyompata mdogo wako, mazungumzo yanaweza kusaidia kuliko unavyodhani. Ila akianza kutaja kufa usingoje siku ya kliniki: mpeleke dharura usiku huohuo, na asiachwe peke yake.

Kijana wa Ujiji
Dada, hilo ni la ziwa. Kafanyeni dua kwanza.

MamaDagaa wa Kibirizi
Dua tumesoma mdogo wangu, na ubwabwa tukala. Nimeuliza leseni.

Mzee wa Urambo
Mwanangu, mimi kijana wangu nilimpandisha treni Tabora mpaka Dodoma, hospitali ya akili ya Mirembe. Huku kwetu jina hilo watoto wanatukanania, basi majirani niliwaambia nafuatilia malipo ya tumbaku. Kosa langu ni kwamba niliruka Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, nikasafiri bila barua yoyote mkononi. Sasa hivi anahudhuria hapahapa Tabora.

Nikuongezee moja. Mtu wa kwanza kumwona leseni alikuwa nayo, lakini kijana hakufungua mdomo. Wa pili alianza na habari za ng'ombe wetu, wakaongea mpaka nikasinzia. Ukishakagua namba, mwangalie na mdogo wako kama anaongea.

MamaDagaa wa Kibirizi
Nimerudi. Mwenye bango nilimuuliza namba, akasema mtandao uko chini. Nikamwambia namba yako nayo inakaa kwenye mtandao? Akafunga mlango.

Maweni tumeenda juzi. Daktari nilimuuliza huku natetemeka, akaandika namba mwenyewe nyuma ya kadi, nikaitafuta nikiwa kwenye benchi, jina likatoka. Dawa mpya hakutoa. Alimuuliza tu usiku unapitaje. Mdogo wangu akanyamaza, mimi nikataka kujibu, nikaonyeshwa kwa mkono nitulie. Ndipo akasema za injini. Kumbe anahesabu kwa sababu usiku ule nchi kavu hakuna aliyejua kama kuna mtumbwi umepungua.

Tunarudi Alhamisi. Nesi, bahasha waliichukua.